Uliza Ujibiwe: Tunataka Ndege za Ukraine Ziingie Kwenye Gemu, Tuanze na Ipi?

SWALI: Shikamoo kaka. Sisi ni vijana wa Ngamiani hapa Tanga, tunacheza War Thunder, gemu la kupigana kwa ndege na vifaru, kwenye banda la kompyuta, kila mtu na mti wake, yaani safu ya ndege na vifaru vya nchi moja, mmoja anapanda wa Sovieti mwingine Marekani mwingine Uingereza. Tumeona Ukraine haina mti wake wakati ndege zao tunazisikia kwenye taarifa ya habari kila leo, sasa tumeandika listi ndefu, Su-27, MiG-29, Su-24, Su-25, Tu-160 mpaka lile Antonov kubwa, tunataka tuwatumie wenye gemu. Kuna braza mmoja katukatisha tamaa, anasema hizo zote ni ndege za Mrusi zimepakwa rangi tu. Ni kweli? Na tuandike vipi ili tusipuuzwe? – Vijana wa Gemu, Ngamiani

JIBU: Marahaba wadogo zangu. Kwanza hiyo listi iwekeni pembeni, msiitume kama ilivyo. Anayepokea mapendekezo hana kazi na majina ya ndege, majina anayajua kuliko sisi, anachotaka ni ndege moja iliyoelezwa mpaka mwisho, vipimo vyake, silaha zake, picha zake, na maandishi ya kuthibitisha kila unachosema. Ndege moja iliyoshiba inashinda listi ya ndege thelathini, hilo nawaambia bila kupepesa.

Sasa huyo braza. Ana ukweli kidogo ila kakosea sehemu kubwa. Sovieti ilipovunjika 1991 Ukraine ilibaki na ndege nyingi sana zilizokuwa kwenye ardhi yake, hilo kweli, MiG-29 na Su-27 zilichorwa Moscow. Lakini Sovieti haikuwa Urusi peke yake jamani. Ofisi ya Antonov ilihamia Kyiv mwaka 1952 na haijaondoka mpaka leo. Kombora la R-27, lile ambalo nyie wa mti wa Sovieti mnajidai nalo, lilikuwa linatengenezwa kiwandani Artem, Kyiv. R-73, ile ya karibu inayogeuka kama imekasirika, jicho lake la kutafuta joto ni kazi ya kiwanda cha Arsenal, Kyiv hiyohiyo. Injini za helikopta za Mi-24 na Mi-8 zilikuwa zinatoka kiwanda cha Motor Sich, Zaporizhzhia. Kwa hiyo huyo braza akidondosha mtu na R-27 ajue kadondosha kwa kombora la Kyiv, na anayesema Ukraine ilirithi tu aulizwe nani alikuwa anatengeneza.

Pale alipo sahihi ni hapa. Ukichukua MiG-29 ya mwaka 1985, ukaipaka duara la bluu na njano na ule mkuki wa meno matatu kwenye mkia, hiyo sio ndege mpya, ni skini. Wenye gemu watakwambia skini tunaweza kukupa, kwaheri. Ili iwe ndege mpya lazima ipigane tofauti, na hapo ndo mtafute zile ambazo Waukraine wenyewe wamezifungua wakazifanyia kazi. Zipo. MiG-29MU1 imetoka kiwanda cha matengenezo cha Lviv, rada imeboreshwa, imewekwa kifaa cha kuonyesha njia kwa setilaiti na redio mpya. Su-25M1 imefanywa Zaporizhzhia, na huko huko wakaboresha na Su-27. Mi-24PU1, helikopta, imetoka Konotop, ina injini mpya za Motor Sich na vizuizi vya kupooza joto la moshi ili kombora lisiione kirahisi. Hizi zote huwezi kusema za Mrusi, Mrusi hana hata moja.

Mimi ningeanza na MiG-29MU1 na sababu zangu ni hizi.

Ile ndege yenyewe mnaijua, injini mbili, mzinga wa milimita 30 wenye risasi 150, R-73 na kofia ya rubani ya kulengea, yaani unageuza kichwa kombora linaangalia unakoangalia. Udhaifu wake ni mbali. R-27R inataka rada yako iendelee kummulika adui mpaka kombora lifike, ukigeuka tu kombora limepotea, wakati mwenye kombora la Marekani la AIM-120 anarusha, kombora lina rada yake mwishoni, yeye anageuka anaondoka zake. Marubani wa Ukraine wamepigana na tatizo hilohilo kweli sio la kwenye skrini, ndege za Su-35 za Urusi zinarusha makombora ya R-37M kutoka mbali sana. Mkiandika pendekezo msifiche huu udhaifu, uandikeni kwa urefu, maana ndo unaosaidia wenye gemu kuipangia levo ya mechi, na pendekezo linalosifia tu mwanzo mwisho linanuka ushabiki.

Sasa utamu. Agosti 2022 ilijulikana kwamba MiG-29 za Ukraine zinarusha AGM-88 HARM, kombora la Marekani la kuzifuata rada za adui. Hebu fikirini, ndege iliyochorwa kupigana na Mmarekani inabeba kombora la Mmarekani chini ya bawa, waya haziongei, lugha ya kompyuta sio moja, na bado wakaifanya ifanye kazi wakiwa katikati ya vita. 2023 yakaja mabomu ya JDAM-ER yenye mabawa, 2024 yakaja mabomu ya AASM Hammer ya Ufaransa. Bosi mmoja wa Pentagon aliyekuwa anahusika na manunuzi, William LaPlante, alisema 2024 kwamba rubani anaendesha hizo silaha za magharibi kwa tableti iliyowekwa ndani ya chumba chake. Tableti! Hakuna mti mwingine kwenye gemu wenye mwili wa Sovieti na silaha za Marekani na Ufaransa kwa pamoja, na hiki ndo kitu cha kuwauzia.

Ila muwe makini hapohapo maana ndo pendekezo lenu linapoweza kufia. Mambo ya vitani maelezo yake ya ndani ni siri, na bila maelezo wenye gemu hawana cha kutengenezea. Kwa hiyo msingi wa pendekezo uwe MU1 ya kabla ya Februari 2022, ile iliyoelezwa kwenye vipeperushi vya kiwanda na kwenye maonyesho ya silaha ya Kyiv, kisha silaha za vitani muweke kama nyongeza, na wekeni tu zile zinazoonekana wazi kwenye picha na video walizotoa jeshi la anga wenyewe. Na msichanganye na MiG-29 za msaada, Slovakia walitoa 13 mwaka 2023 na Poland nao wakatoa za kwao, hizo zilifanyiwa marekebisho mengine tofauti huko kwao, ukichukua karatasi ya Poland ukaithibitishia ndege ya Lviv anayekagua atakukamata mara moja.

Picha za rangi pia msizidharau. Waukraine wanapaka ndege zao vijumba vidogovidogo vya kijivu, za kwao unazijua hata kwa mbali. Na chagueni kikosi chenye historia. Brigedi ya 204 ilikuwa Belbek, Crimea, na tarehe 4 Machi 2014 kamanda wao Kanali Yulii Mamchur aliwaongoza watu wake kutembea kwa miguu bila silaha kuwaendea wanajeshi wa Urusi waliokuwa wameziba uwanja, wamebeba bendera ya Ukraine na bendera ya zamani ya rejimenti yao ya vita vya pili vya dunia. Risasi zikapigwa hewani na wao wanaendelea kutembea. Rangi ya ndege ya brigedi hiyo ukiiweka kwenye pendekezo na ukaeleza habari yake kwa sentensi mbili tatu, anayesoma anajua umesoma.

Ya pili baada ya hiyo ni Su-25M1 na hii kwa wale wanaocheza mechi za vifaru na ndege pamoja. Iliruka mara ya kwanza 1975, ile ya Sovieti, rubani amekaa ndani ya boksi la titani, mzinga wa mitutu miwili wa milimita 30, na ile ya Zaporizhzhia ikaongezewa ulengaji wa kidijitali na setilaiti. Mmeona video zao? Wanaruka chini chini mpaka unaogopa nyaya za umeme, wakikaribia wanainua pua, wanamwaga roketi zote zinaenda kwa mviringo kuangukia mbali, hapohapo wanageuka huku wanatema flea za kudanganya makombora ya joto. Wanafanya hivyo kwa sababu ukipanda juu tu ulinzi wa anga unakuona. Kwenye gemu ulengaji wa namna hiyo ukisaidiwa na kompyuta ya M1 ungekuwa kitu kitamu sana, uandikeni.

Nyingine nawapitisha haraka. Su-24M inabeba Storm Shadow tangu 2023, kombora la kwenda zaidi ya kilomita 250, mapu ya gemu lenu linamezwa lote, halifai. F-16 zilionyeshwa rasmi na Rais Zelensky tarehe 4 Agosti 2024 na Mirage 2000-5 za kwanza zikafika Februari 2025, lakini F-16 na Mirage zipo tayari kwenye miti ya wengine kwa hiyo hapo skini inatosha. Bayraktar TB2, droni ya Uturuki, Ukraine ilinunua 2019, ikafanya shambulio lao la kwanza vitani Oktoba 2021, sio yao peke yao. Tu-160, lile dege kubwa la kudondosha mabomu, ina habari ya kuumiza, Ukraine ilibaki nazo 19 pale Pryluky, mwaka 1999 nane zikapelekwa Urusi kulipia deni la gesi na nyingi zilizobaki zikakatwa vyuma, moja ipo makumbusho Poltava. Habari nzuri ya kusoma ila kwenye gemu litakuwa dege la kutunguliwa tu.

Halafu mtaulizwa ikae mti gani. Mnajua Afrika Kusini wamewekwa ndani ya mti wa Uingereza, Hungaria ndani ya Italia, Finland ndani ya Sweden. Msimamo wangu ni kwamba Ukraine isiwekwe chini ya Sovieti, hata kama ndo rahisi kiufundi, ni dharau kwa watu wanaokufa sasa hivi kwa ajili ya kutokuwa chini ya mtu. Lakini kwenye pendekezo msiligeuze kuwa hotuba. Semeni tu mnaomba isiwe huko, mkae kwenye ndege.

Na la mwisho kwenu, hili kwa herufi kubwa, karatasi za siri HAPANA. 2021 mchezaji mmoja alianika kurasa za kitabu cha kifaru cha Uingereza Challenger 2 ili ashinde ubishi tu, mwaka huohuo mwingine akafanya hivyo na Leclerc ya Ufaransa, zikafutwa na wenye gemu wakasema hawawezi kuzitumia kabisa. Ukikutana na faili la kijeshi sijui limetoka wapi usilishushe, usilitume kwa rafiki, liache.

SWALI: Asalaam aleykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chumbageni. Mwanangu wa kidato cha tatu amekuwa na hizi habari za ndege za Ukraine asubuhi mpaka usiku, ukutani kabandika picha, anajua kila kombora. Mimi roho inaniuma, kule watu wanakufa kweli, huku mtoto anafanya mchezo. Nimkataze? – Mama S.

JIBU: Waaleykum salaam mama yangu. Swali lako nimelisoma mara nyingi kabla ya kujibu maana limenigusa.

Mimi sikushauri umkataze. Nakushauri umuulize kuhusu watu. Akikuonyesha MiG-29 muulize nani alikuwa anairusha. Kama hajui, mwambie atafute habari za Andrii Pilshchykov, rubani wa MiG-29 aliyejulikana kwa jina la Juice. Kijana huyu alizunguka akiomba nchi za magharibi ziwape F-16, aliongea na waandishi, alienda Marekani kuomba, alikuwa anaeleza vizuri kwa nini MiG yake haitoshi. Tarehe 25 Agosti 2023 ndege mbili za mafunzo za L-39 ziligongana angani mkoa wa Zhytomyr akafa yeye na wenzake wawili. F-16 zilikuja mwaka mmoja baadaye hakuziona. Na Agosti hiyohiyo ya 2024 zilipofika, tarehe 26, Oleksii Mes, aliyekuwa akiomba pamoja naye, akafa ndani ya F-16 wakati anazuia makombora yaliyokuwa yanakwenda kupiga miji. Mtoto anayezijua habari hizi haangalii ile picha ukutani kwa jicho lilelile, na wala hataacha kuipenda ndege.

Na mama, vita havikuwa mbali na sisi pia. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India kuichukua Tanga wakapigwa na Wajerumani hapahapa mjini, makaburi ya askari yapo, watoto wanapita karibu kila siku. Mpeleke siku moja ayasome majina.

Kuna kitu kimoja tu ningekipinga na hata wale vijana wa Ngamiani nawaambia, wasiombe kuwekewa mechi za miji iliyopigwa kwenye vita hii, Bakhmut, Mariupol, Kharkiv. Ndege ni chombo, kinaweza kuchorwa na kuelezwa. Mji ambao watu bado wanafukua ndugu zao sio uwanja wa kucheza. Masomo je, anafanya? Kama kidato cha tatu anashika nafasi yake mwache, ila simu usiku uichukue wewe.

SWALI: Kaka kwa nini hamtaji An-225, lile Antonov kubwa? Ndo ndege ya Ukraine inayojulikana kuliko zote. – Mdau, Raskazone

JIBU: Kwa sababu haikuwa ya vita. Ilitengenezwa kubeba chombo cha anga cha Sovieti mgongoni, iliruka mara ya kwanza Desemba 1988, injini sita, uzito wa kuruka tani 640, na iliyokamilika ilikuwa moja tu duniani. Iliharibiwa uwanja wa Hostomel mwishoni mwa Februari 2022. Inauma sana, lakini kwenye gemu la mapigano itafanya nini?

SWALI: Je tukipendekeza ndege za jeshi letu? Tanzania nayo ilipigana vita vya Kagera. – K., Makorora

JIBU: Wazo zuri na moyo wangu upo huko. Vita vya 1978 na 1979 jeshi letu lilikuwa na MiG-21 na ndege za Kichina, na leo J-7 za kutoka China zipo. Shida ni ileile niliyowaeleza wa Ngamiani, ndege ni za China na Sovieti bila mabadiliko makubwa ya kwetu, kwa hiyo ombeni skini, mnaweza kuipata, bendera yetu mkiani kwenye MiG-21 mimi ningeipanda kila siku. Ila kwa ajili ya picha msisogelee kambi wala uwanja wa jeshi na simu, kupiga picha maeneo ya jeshi ni kosa na hakuna atakayewasikiliza mkisema ni ya gemu. Tumieni picha za gwaride la sherehe za kitaifa zilizotoka magazetini.

SWALI: Kiingereza chetu cha kuungaunga, pendekezo litapokelewa kweli? – haohao vijana wa Ngamiani

JIBU: Litapokelewa. Sehemu kubwa ya pendekezo ni namba, urefu, upana wa mabawa, uzito, injini, kasi, idadi ya vining'inizo vya silaha, na namba hazina Kiingereza. Maelezo yawe sentensi fupifupi, kila dai na chanzo chake pembeni, jina la kitabu, mwaka, ukurasa. Mwalimu wa Kiingereza hata wa sekondari aliyepo mtaani atawanyooshea. Gaweni kazi, mmoja ashike silaha, mmoja injini na mwendo, mmoja picha, wala msiruhusu mtu mmoja aandike yote maana ndo yanapoingia ya kubuni. Na kama namba mbili zinapingana kati ya kitabu na kitabu wekeni zote mbili, msichague ile inayopendeza. Mkimaliza ileteni kwanza tuipitie, hasa ule ukurasa wa silaha.